Mzazi Akikutwa na VVU, Mtoto Naye Ahesabiwe

Tangu Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani Januari 20, 2025, mjadala wa Ukimwi katika nchi zetu umezunguka swali moja: dawa zipo au hazipo? Lilikuwa swali la haki. Mtu anayemeza kidonge kila siku hawezi kukaa mwezi bila dozi akisubiri wanasiasa waelewane. Februari 1 mwaka huohuo Washington ikatoa kibali cha muda kilichorudisha matibabu, upimaji na huduma za kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Serikali zetu zikawahakikishia wananchi kuwa dawa zipo, na mjadala ukapoa. Kwa maoni yangu tulikielewa vibaya kilichotokea. Kibali kile kiliokoa vidonge, na hilo ni jambo kubwa, lakini kiliiacha nje kazi ya kuwaangalia watoto na vijana wanaoishi na mzazi, mlezi au ndugu mwenye VVU. Majibu ya kipimo cha mzazi ni tukio katika maisha ya mtoto pia, hata kama mzazi anaendelea kuishi kwa afya njema, na hata kama mtoto mwenyewe hana virusi. Nchi inayohesabu vidonge peke yake inamwacha kijana huyo abebe mzigo asioujua mtu, na baadhi ya mzigo huo unarudi kliniki kwa sura ya maambukizi mapya.

Tuanze na tulikotoka. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kwa miaka ishirini iliyofuata, mtoto aliingia kwenye habari za Ukimwi kwa mlango mmoja tu, wa msiba. Alikuwa yatima. Wilaya kama Makete zilijulikana nchi nzima kwa bibi waliobaki na wajukuu baada ya kizazi cha katikati kuzikwa. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wa Marekani wa kufadhili mapambano dhidi ya Ukimwi, iliweka sharti kwamba angalau asilimia 10 ya fedha ziende kwa yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Kisha mambo yakabadilika kwa kasi ambayo wengi hatukuitegemea. Kuanzia mwaka 2013 mama mjamzito aliyekutwa na VVU alianzishiwa dawa papo hapo na kuendelea nazo maisha yake yote. Mwaka 2016 ikawa hivyo kwa kila anayekutwa na virusi, bila kusubiri kinga zishuke. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4, huku Njombe ikiongoza kwa asilimia 12.7. Hao ni watu wazima zaidi ya milioni moja na nusu, na kwa zaidi ya robo tatu yao virusi vimefubazwa, yaani dawa imevishusha mpaka kiwango cha chini sana. Wanalima, wanafundisha, wanaendesha bodaboda, wanalea.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyomficha mtoto. Mzazi wake hafi, kwa hiyo yeye si yatima. Mama alitumia dawa tangu ujauzito, kwa hiyo yeye hana VVU na hana kadi ya CTC, kliniki ya matibabu ya VVU. Hakuna rejista ya hospitali inayomhusu. Mahali pekee alipoandikwa ni kwenye madaftari ya miradi ya yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi, iliyokuwa na wahudumu wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakwenda shule, nani amepimwa, nani anakula mara ngapi kwa siku. Mradi uliolipiwa na Marekani uliposimama, mhudumu yule naye alisimama. Kidonge kilirudi kwa kibali cha Februari, lakini aliyekuwa akibisha hodi hakurudi nacho.

Wapo watakaouliza kama kweli mtoto asiye na virusi, mwenye mzazi aliye hai, ana tatizo la kuitwa tatizo. Ushahidi mzuri zaidi tunao wenyewe, na umetoka Kagera. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizifuata kaya za mkoa huo mara kwa mara, kisha wakawatafuta tena watu walewale mwaka 2004, watoto wakiwa watu wazima. Waliofiwa na mama utotoni walikuwa wamepoteza, kwa wastani, karibu sentimita mbili za kimo na mwaka mmoja wa masomo, na hawakuvirudisha ukubwani. Matokeo hayo yanajulikana na wengi. Yanayotajwa kwa nadra ni mengine yaliyotoka kwenye kaya hizohizo: watoto waliokuwa wakisoma walipunguza saa za kukaa shuleni miezi kadhaa kabla ya mtu mzima wa nyumbani kufa. Ugonjwa ulianza kuwatoa darasani wakati marehemu bado anapumua. Mtu alipaswa kuchota maji, kupika uji, kukaa na mgonjwa. Wakati huo hawakuwa yatima kwa tafsiri ya mradi wowote, na hasara ilikuwa imekwisha kuanza.

Mtu atasema ile ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya dawa, na siku hizi mgonjwa halali kitandani. Ni kweli, na ndiyo sababu inabidi tuangalie upya mzigo wa kijana umehamia wapi. Siku hizi umehamia kwenye siri. Nimeiona nyumba moja ya namna hii kwa karibu, ya ndugu yangu wa ukoo. Binti yao yuko sekondari. Mama akirudi kliniki na dawa za miezi mitatu, binti ndiye anayevitoa vidonge kwenye makopo na kuvifunga ndani ya kipande cha khanga kuukuu, kwa sababu kopo likitikiswa vidonge vinalia, na mlio ule watu wa mtaani wanaujua. Makopo huyabandua karatasi na kuyachoma na takataka. Saa tatu usiku simu inayolia ni yake, na hapo humpelekea mama kikombe cha maji bila kusema kitu. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini na kumwambia mama anaumwa nini. Alilisoma jina la dawa kwenye kopo akiwa darasa la sita, akalitafuta mtandaoni peke yake. Mama naye, mpaka leo, anaamini mtoto anadhani ni dawa za presha. Watu wawili wanaopendana wanafichana jambo moja ndani ya chumba kimoja na sebule, na kila mmoja anamlinda mwenzake.

Siri ya namna hiyo ina kazi zake za kila siku, na kazi hizo hula muda na akili ya mtoto. Mama anaipita zahanati ya kata na kituo cha afya cha tarafa kwenda kuchukua dawa wilaya ya jirani asionekane na majirani. Nauli hiyo imetoka kwenye fedha ya daftari, na siku hiyo mkubwa anabaki nyumbani na wadogo. Shuleni ataulizwa kwa nini hakuja jana, na hana jibu analoruhusiwa kulitoa. Rafiki hamleti nyumbani. Darasani wenzake wakimsema mtu kuwa amekanyaga miwaya, yaani ana VVU, anacheka nao, kwa kuwa kunyamaza kutamfichua. Elimu bila ada, tuliyoanza nayo mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, imeondoa karo lakini haikugusa lolote kati ya haya.

Kisha kijana huyu anakua, anapenda. Hapa ndipo mambo ya familia yanapokuwa mambo ya afya ya taifa. Amejifunza nyumbani kwamba VVU ni kitu kisichosemwa, hata kati ya mama na mtoto. Atamwambiaje mpenzi wake waende kupima? Wengine huogopa kupima kabisa, kwa hofu kwamba walizaliwa nayo na hakuna aliyewaambia. Marekebisho ya sheria ya Ukimwi mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima bila idhini ya mzazi mpaka miaka 15 na kuruhusu mtu kujipima mwenyewe. Ni hatua nzuri, lakini kijana wa miaka 15 anayejipima chumbani akiwa amebeba siri ya mama yake hana wa kumwendea, majibu yawe yoyote. Utafiti mkubwa wa Afrika Kusini uliohusisha vijana wapatao 6,000 ulikuta kwamba wanaoishi na mlezi anayeumwa Ukimwi walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na wasiwasi kuliko wenzao wa kaya zenye afya, kama ilivyokuwa kwa yatima wa Ukimwi. Watafiti haohao walionyesha pia jinsi njaa na ukatili vinavyoandamana na ugonjwa wa mlezi katika kuwasukuma wasichana kwenye ngono ya kupewa fedha au mahitaji. Hiyo ndiyo njia ambayo virusi vya mzazi, ambavyo dawa imevifubaza visimwambukize mtu, huweza kumsukuma binti kwenye maambukizi kutoka kwa mwanamume mwingine kabisa.

Sitaki kuwachora vijana hawa kama watu waliovunjika. Si kweli, na wao wenyewe hukasirika wakichorwa hivyo. Utafiti uliofanyika Tanzania na Uingereza kwa watoto wanaouguza wazazi wenye VVU uliwakuta wengi wakizungumzia ukaribu na mzazi, ukomavu na fahari ya kuaminiwa, pamoja na uchovu na upweke. Nawafahamu vijana waliojifunza nidhamu ya dawa nyumbani na leo ndio wanaowashika mkono wenzao kwenda kupima. Tofauti kati ya waliosimama na waliokwama, kwa ninavyoona, mara nyingi ni kama kulikuwa na mtu mzima mmoja anayejua na anayeweza kuongea nao. Mtu huyo ndiye huduma inayokatwa kwanza fedha zikipungua.

Wanaopinga wana hoja, na hazina uzito sawa. Nzito kuliko zote ni ya fedha. Mkakati mpya wa afya ya dunia ambao Marekani iliutoa Septemba 2025 unasema wazi kuwa fedha zitalinda kwanza dawa, vitendanishi na wahudumu wa mstari wa mbele, huku serikali zetu zikichukua mzigo hatua kwa hatua. Kenya ilisaini makubaliano ya kwanza ya aina hiyo Desemba 4, 2025. Ningekuwa waziri wa afya mwenye kapu dogo, nami ningenunua dawa kwanza, kwa sababu mzazi asipokuwa hai hakuna mjadala wowote wa malezi. Nakubali mpangilio huo wa vipaumbele, lakini cha pili kwenye orodha hakistahili kupata sifuri. Tena dawa yenyewe inategemea nyumba. Mgonjwa anapoanzishiwa dawa, kliniki humuuliza ni nani wa karibu atakayemkumbusha. Katika kaya nyingi, hasa za mama aliye peke yake, anayekumbusha ni mtoto, aandikwe asiandikwe. Mtoto huyo akichoka, akikimbilia mjini au akibeba mimba, ratiba ya dozi ya mama inayumba, na mzazi aliyeacha dawa akirudi amezidiwa humgharimu Hazina kuliko mhudumu wa jamii aliyelipwa posho. Kwa hiyo hata mwenye kuhesabu shilingi tupu hana sababu ya kumsahau mtoto.

Hoja ya pili ni ya faragha, na hii inanigusa. Hali ya mzazi ni yake. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu yake, na watoto, wanasema, hawana kifua cha kutunza jambo. Mama aliyewahi kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga baada ya maneno kuvuja ana kila sababu ya kunyamaza. Sitaki muuguzi yeyote amwambie mtoto nyuma ya mgongo wa mama. Lakini ipo nafasi pana kati ya kumtangaza mzazi na kumwacha peke yake na jambo asilojua aanzie wapi. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2011 likipendekeza kwamba watoto wa umri wa shule waambiwe hali ya wazazi au walezi wao, na wadogo zaidi waambiwe kidogo kidogo kadiri wanavyoelewa. Uganda ilikuwa na mfano hata kabla ya hapo. Wanawake wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU walichokianzisha mwaka 1992, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: jina lako lilitoka wapi, babu yako alikuwa nani, mimi naumwa nini. Walianza wakijiandaa kwa kifo, maana dawa hazikuwapo, lakini uandishi ule uliwapa njia ya kuongea na watoto wakiwa bado hai. Na kuhusu kifua cha watoto, binti niliyemtaja ametunza siri ya mama yake miaka yote hii kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Iliyobaki ni hoja ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba hizi ni kazi za ukoo. Mwafrika, tunaambiwa, haachi mtoto wake. Shangazi yupo, mjomba yupo, bibi yupo, na miradi ya wafadhili ilitufundisha tu uvivu. Inasemwa kwa heshima ya mila, na naiheshimu nia. Lakini Kagera ilikuwa na koo. Watoto wengi waliopoteza sentimita na mwaka wa masomo walilelewa na ndugu. Ukoo ulifanya ulichoweza na hasara ikabaki, kwa sababu ugonjwa uliwapiga shangazi na mjomba pamoja na mzazi, na kwa sababu chakula kiligawanywa kwa vinywa vingi. Kwa siri ya leo hoja hiyo inakuwa dhaifu zaidi. Mara nyingi ukoo ndio mama anaouficha. Anaogopa wifi atakavyosema kwenye kikao, anaogopa mgawanyo wa shamba, anaogopa posa ya binti kurudishwa. Huwezi kumkabidhi mtoto kwa watu ambao hawaruhusiwi kujua anabeba nini.

Kama haya ni kweli, sera inapaswa kubadilika mahali kadhaa, na si pote panahitaji fedha nyingi. Kliniki ingeweza kuanza na swali moja linaloulizwa kila mzazi, tena kila mwaka: una watoto wa umri gani nyumbani, wanajua nini, ungependa tukusaidie kuzungumza nao? Wanaofaa kuliko wote kulisimamia ni WAVIU washauri, watu wanaoishi na VVU waliofunzwa kuwashika mkono wenzao. Wao wenyewe ni wazazi, wameshapita kwenye mazungumzo hayo, na mama humwamini mwenzake kuliko koti jeupe. Wengi wao walilipwa posho na miradi ya wafadhili, na posho hiyo inaweza kubebwa na halmashauri kama tunataka kweli. Shuleni, mwalimu wa ushauri nasaha anahitaji mamlaka ya kumpa mwanafunzi ruhusa ya siku bila kumlazimisha ataje sababu mbele ya darasa. Jambo dogo, lakini kwa mtoto anayekwenda na mama kliniki kila miezi mitatu si dogo.

Kwenye umaskini, chombo tunacho tayari. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huzifikia kaya kwa kigezo cha umaskini, haiulizi nani anaumwa nini, na kwa hiyo fedha yake haimnyooshei mtu kidole. Mpango wake wa Ujana Salama, uliojaribiwa Mufindi na Rungwe, uliwaongezea vijana wa kaya hizo mafunzo ya stadi za maisha, mtu mzima wa kuwaongoza, ruzuku ya kuanzia kazi na njia ya kufika kwenye kituo cha afya. Kenya ilianza kutoa fedha taslimu kwa kaya zinazolea yatima na watoto walio hatarini mwaka 2004, na tathmini ya baadaye ilionyesha kwamba vijana wa kaya hizo walichelewa kuanza ngono kuliko wenzao. Hiyo ni kinga ya VVU iliyopatikana bila kuwahubiria chochote. Dunia sasa inaisherehekea lenacapavir, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2025, na nami naifurahia. Ila binti anayelala na mtu kwa ajili ya mahitaji ya wadogo zake atahitaji sindano hiyo pamoja na sababu ya kutoenda kwa mtu huyo.

Bunge hukaa Dodoma kwa bajeti kuanzia Aprili, lakini mipango ya halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla, kwenye vikao vya kata ambavyo wengi wetu hatuhudhurii. Diwani anayetaka kujua kata yake imejipangaje ana maswali mawili ya kuuliza humo. La kwanza, WAVIU washauri wa kituo chetu anawalipa nani tangu mradi ufunge ofisi, au tunategemea waje bure? La pili, watoto waliokuwa kwenye madaftari ya mradi ule wamekabidhiwa kwa afisa ustawi wa jamii gani, kwa utaratibu gani wa kulinda siri zao, na ni lini mara ya mwisho mtu aliwabishia hodi? Madaftari hayo yalijazwa nyumba moja baada ya nyingine na wahudumu walioaminiwa kuambiwa mambo ambayo shangazi hakuambiwa. Wahudumu wengi bado wanaishi kwenye kata zilezile. Wanaweza kuitwa mwaka huu, kabla hawajatafuta kazi nyingine na kabla watoto hao hawajahama.